Pisini ya mita 60 na kamba ya mpiga mbizi

Wandugu, ile video ya pisini ya Dubai imepita kwenye simu ya kila mtu sasa. Mimi niliiangalia mara tatu, mega zikaisha, nikanunua zingine, nikaiangalia tena. Mtu anashuka ndani ya shimo la buluu, anapita juu ya mtaa uliozama: nyumba yenye vyombo vyake, garaji, chumba cha michezo chenye bebifuti. Taa zinageuka rangi polepole. Samaki hata mmoja hakuna.

Kati ya watu wetu nilisikia maneno mawili tu juu yake. La kwanza, eti wenye pesa wamekosa kazi ya kufanya. La pili, eti maji yote yale yanapotea bule na sisi hapa mama zetu wanateka maji mbali. Nataka kubisha yote mawili. Siyo kwa kuitetea Dubai, hapana. Nabisha juu ya sababu moja: tukishika hasira ndogo, kubwa inatupita.

Niseme kwanza wazi kwamba sijakanyaga pale, nahukumu kwa picha. Lakini pisini za namna hii zimejengwa kwa ajili ya macho. Kuta zao zina madirisha ili mtu mkavu, na kikombe chake mkononi, aangalie walioloa. Mimi ni mmoja wa wale wakavu, ila tu niko mbali kidogo.

Inaitwa Deep Dive Dubai, mtaa wa Nad Al Sheba. Ilifunguliwa Julai 2021, na Sheikh Hamdan bin Mohammed, mrithi wa ufalme wa pale, aliitangaza yeye mwenyewe kwenye Instagram. Kina chake ni mita 60. Ndani kuna litri milioni 14 za maji baridi, maana yake yasiyo ya chumvi, juu ya joto lake hayana ubaridi wowote: digri 30. Kila saa 6 maji yote yanapita kwenye machujio. Kamera 56 ziko ndani ya maji. Wakati wa kufungua, saa moja ya kuzamia ilikuwa kati ya dola 135 na 410.

Sasa hayo maji. Litri milioni 14 ni mita kibe 14.000. Inaonekana kama ziwa, mpaka uulize mtu wa mpunga. Hektari moja ya mpunga wa bondeni, ukiimwagilia kutoka kupanda mpaka kuvuna, inaweza kunywa mita kibe 10.000, hata 15.000 kama udongo unavujisha. Kwa hiyo pisini yenye kina kikubwa zaidi duniani ni hektari moja ya mpunga kwa musimu moja. Moja tu! Hapa Kasongo, pahali ambapo mchele umekuwa chakula cha watu tangu zamani za Waarabu, hatuwezi kulia juu ya hektari moja ya mtu mwingine, tena maji yake anayachuja na kuyarudisha. Kama mama anateka maji mbali, siyo Dubai iliyoyachukua. Mvua yetu inanyesha, Lualaba inapita hapo. Tafuteni kosa pengine.

Na lile la kwanza, la watu waliokosa kazi. Hapo inabidi turudi nyuma, Ubelgiji.

Uccle ni mtaa wa Brussels, siyo mbali na Matonge ambapo kila familia ya huku ina mjomba. Pale, mwaka 2004, Mbelgiji mmoja fundi wa kuzamia, John Beernaerts, alifungua pisini inayoitwa Nemo 33. Kina mita 34 na nusu. Bahari ya Ubelgiji ni ya baridi na matope, na mtu anayetaka kujifunza kuzamia vizuri wakati wa baridi alipashwa kupanda ndege kwenda nchi za joto. Beernaerts akaleta joto nyumbani: maji ya digri thelathini na kitu, sakafu moja kwenye mita 5, nyingine kwenye mita 10, kisha kisima cha mviringo kinachoshuka mpaka chini. Kuta nyeupe, ngazi, madirisha, na pango kidogo za beto kwa mazoezi. Basi.

Mimi naipenda ile. Naipenda sawa vile napenda auditware yenye ubao mzuri. Mtu aliyeijenga hakujaribu kunidanganya kwamba niko pengine. Kila kipimo kinasema hapa ni darasa: hapa utasimama na mwalimu, hapa utajifunza kutoa maji ndani ya maski, hapa utashuka kidogo, hapa chini utashuka siku ukiwa tayari. Umbo lote la nyumba limetoka kwenye kazi.

Miaka kumi baadaye Italia ikajenga Y-40, kule Montegrotto Terme, mita 42, kwa maji ya moto yanayotoka yenyewe ardhini. Na ile pia ni nzuri kwa namna yake: mtu wa agronomia anaheshimu anayetumia kile udongo wake unatoa. Kisha Novemba 2020 Poland ikafungua Deepspot, mita 45, na huko njo uongo ulianza kuingia: waliweka magofu ya Wamaya na mashua iliyozama. Wamaya ku Poland! Toka hapo tunaanguka Dubai, mita 60 na mji mzima wa bandia.

Angalieni ginsi namba zinavyopanda: 34, 42, 45, 60. Ni mashindano ya mashimo. Na hapa nina lawama yangu ya kwanza, ya kifundi. Mzamiaji wa kawaida, anayezamia kwa kujifurahisha, sheria za mashirika ya mafunzo zinamsimamisha kwenye mita 40. Mwanzo wa kujifunza ni 18. Mita 20 za mwisho za Dubai ni za mafundi wachache wenye gesi za kuchanganya, na za wale wanaoshuka kwa pumzi moja. Wageni wengine wote wanalipa kuogelea juu ya namba wasiyoweza kuigusa. Namba ile ni ya kitabu cha Guinness na ya magazeti.

Juu ya nini mita ni hatari hivyo? Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 10 unabebeshwa mara mbili, kwenye 60 mara saba. Hewa unayovuta inabanwa hivyo hivyo, na azoti yake inaingia kwenye damu na mafuta ya mwili. Ukipanda pole, inatoka pole kupitia mapafu. Ukipanda haraka, inatoka kama chupa ya Primus iliyotikiswa halafu ikafunguliwa, na mapovu yale yanakaa kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, kwenye ubongo. Tena kuna la pili: ukiwa chini umevuta hewa, ukaogopa, ukafunga pumzi na kukimbilia juu, hewa ya mapafu inapanuka na kuyapasua. Hata kwenye mita chache tu.

Watu hawakuyajua hayo kwa kukaa kwenye kiti. Wafanyakazi waliochimba misingi ya madaraja chini ya mito, ndani ya masanduku ya hewa iliyobanwa, walitoka wamepinda kwa maumivu, wengine walikufa, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua sababu. Paul Bert, Mfaransa, alieleza mambo ya azoti katika kitabu chake cha 1878. Mwaka 1908, Mwingereza Haldane na wenzake walitoa jedwali za kupanda kwa vituo, na wanyama aliowatumia kujaribu ni mbuzi. Mbuzi, wandugu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, sisi tuliofunga mbuzi wa mazoezi ku shamba la masomo miaka mitatu bila kutoa jedwali hata moja.

Kwa hiyo, hapana, siyo watu waliokosa kazi. Ndani ya pisini hizi kuna miaka zaidi ya mia ya elimu iliyolipwa kwa miili ya wafanyakazi: hewa iliyopimwa, saa inayohesabu, mwenzako pembeni, chumba cha presio cha kumrudisha aliyepanda vibaya. Hicho njo kitu kizuri cha Dubai. Ukiondoa taa na bebifuti, kinabaki hicho.

Sasa kibaya chake.

Nyumba yenyewe, ukiiangalia kutoka nje, ina umbo la chaza kubwa, yule mnyama wa bahari mwenye gamba anayebeba lulu. Wenyewe wanaeleza kwamba ni heshima kwa wapiga mbizi wa lulu, kazi iliyolisha pwani ile kabla ya petroli. Na ni kweli iliilisha. Kila kiangazi, tangu Juni mpaka Septemba, majahazi yalitoka. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio, akaweka mguu kwenye kamba yenye jiwe, akashuka kwa pumzi moja, akajaza kikapu. Kamba ya pili ilikuwa ya kumrudisha: aliivuta, na mwenzake aliye juu ya jahazi akamkokota haraka. Maisha yake yalikuwa kwenye masikio ya mkono wa yule mwenzake. Mkubwa wa jahazi aliitwa nakhoda. Sisi tunasema nahodha. Neno ni moja. Kabla ya musimu nahodha alimkopesha mpiga mbizi chakula cha familia, mwisho wa musimu hesabu ilikuwa haitoshi, deni likaingia mwaka ujao, na akifa liliweza kumfuata mtoto wake.

Na wapiga mbizi wale walikuwa nani? Wengi walikuwa Waarabu maskini wa pale pale, Wabaluchi, Waajemi. Lakini mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, wakati matajiri wa Ulaya na Marekani walikuwa wanataka lulu kwa wingi, kati yao walikuwa Waafrika, wengi wao watumwa waliotolewa pwani ya Afrika ya mashariki. Mtumwa alizama, na fungu lake likaenda kwa bwana wake. Mambo hayo yako kwenye vitabu vya historia, yamesomwa, siyo maneno ya kijiweni. Biashara ile iliporomoka miaka ya 1930, kwa sababu ya lulu za kufuga za Wajapani na kuanguka kwa uchumi wa dunia tangu 1929.

Sasa kumbukeni tuko wapi. Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip kabla ya askari wa Dhanis kuuchukua mwezi wa Aprili 1893. Njia ilitoka hapa, ikapita Kabambare, ikavuka ziwa mpaka Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Zanzibar. Pembe zilipita, watu walipita. Kiswahili ninachokiandika hapa kilikuja kwa njia ile ile, kikielekea upande mwingine. Njo maana mtoto wa Kasongo akiambiwa kwamba nyumba fulani ni heshima kwa wapiga mbizi wa lulu, ana haki ya kuuliza: heshima kwa wapi kati yao? Pale Dubai wamejenga gamba kubwa sana na mtu wa ndani hayumo. Waliheshimu chaza.

Na mtu asiniambie kwamba ku Ghuba haiwezekani kusema mambo haya. Doha, ku Qatar, tangu 2015 kuna nyumba ya kumbukumbu inayoitwa Bin Jelmood House, inaeleza utumwa wa Bahari ya Hindi waziwazi, kwa mgeni yeyote anayeingia. Imewezekana.

Rudini sasa ndani ya ule mji uliozama. Mara ya tatu ya kuangalia njo niliona kilichonisumbua. Vyombo viko mahali pake. Hakuna kilichovunjika. Nani aliishi pale, nani alifungua maji, watu walikimbilia wapi, hamna jibu, wala hamna swali. Sisi watu wa mito tunajua ginsi nyumba inavyofanana maji yakiisha kuingia: godoro, matope, sufuria iko kwa jirani, mtu anatafuta kadi ya uchaguzi. Mji wa Dubai umezama bila mtu kupoteza kitu. Kama filamu ningesema seti ni nzuri lakini hakuna hadithi, na kosa siyo la pesa. Hadithi ilikuwepo tayari mlangoni mwao, kwenye umbo la nyumba yenyewe, wakaamua kuijaza magari na michezo.

Ningeishia hapo kama jambo lingekuwa la zamani tu.

Mnajua draga. Mitumbwi miwili au mapipa yamefungwa pamoja, juu yake mota, pompi, na tiyo kubwa ya kunyonya mchanga chini ya mto. Tiyo ile haijiongozi. Plonjeri anashuka nayo, hewa yake inakuja kwa tiyo nyembamba kutoka kompresa, ameishika kwa meno. Maji ni ya rangi ya chai, haoni mkono wake. Anafanya kazi kwa kupapasa. Kompresa iko karibu na mota ya mazuti, na kama upepo umegeuka, inavuta moshi na kumtumia. Moshi wa mota una gesi isiyo na harufu inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kule chini, ambapo kila kitu kinabanwa mara mbili, sumu inafanya kazi mara mbili. Ukingo wa mchanga unaweza kumwangukia. Mota ikizima, anafunga pumzi na kukimbia juu, yaani anafanya lile lile la kupasua mapafu, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia.

Kijana mmoja wa upande wetu aliyefanya kazi hiyo miaka miwili alinieleza kwamba kinga yake ilikuwa kamba. Kuvuta mara moja, legeza. Mara mbili, nivute. Mwenye kushika kamba alikuwa mtoto wa miaka kumi na nne hivi, na kuna siku alisinzia. Alinieleza tena kwamba alikula kwa deni kwa PDG wa draga, na alipoondoka deni lilikuwa bado.

Kamba, deni, mkubwa wa chombo. Nilimsikiliza nikaona jahazi lile lile.

Miaka ya 2014 na 2015, majirani zetu wa Shabunda waliona mto Ulindi umejaa draga, za kampuni na za watu wa kawaida. Shirika la Global Witness lilitoa ripoti yake juu ya hayo mwaka 2016, na kati ya yaliyoandikwa mle ni pahali ambapo dhahabu ile ilielekea: Dubai. Siyo siri wala siyo mara moja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba dhahabu ya mashariki ya Congo, kwa njia za magendo kupitia nchi jirani, inaishia kwenye masoko ya Emirati.

Sisemi kwamba pisini ile ilijengwa kwa dhahabu ya Ulindi. Dubai ina pesa za njia elfu. Nasema kwamba mji mmoja una kisima ambamo mtu analipa dola mia kadhaa ili azame saa moja kwa hewa safi akiangaliwa na kamera 56, na mji huo huo unanunua kilichookotwa na mtu anayezama siku nzima kwa hewa ya mazuti akiangaliwa na mtoto mwenye usingizi. Wote wawili ni wazamiaji. Fizikia ni moja, jedwali za Haldane ni moja. Ziko bule, zinachapwa kwenye karatasi moja.

Hapo njo lawama yangu inatugeukia sisi wenyewe, sisi wa A0 na kofia za sherehe. Tumefanya memware juu ya madini, juu ya mazingira, juu ya samaki wa mto, juu ya uchafu wa zebaki. Ile ambayo ingemweleza plonjeri, kwa Kiswahili cha hapa, kwamba kompresa ikae upande upepo unatoka, kwamba wakati wa kupanda asifunge pumzi, kwamba anayeumwa viungo baada ya kutoka majini hakulogwa, mimi sijaiona, wala sikuiandika. Yangu ilikuwa ya muhogo.

Ningepewa ule mji uliozama niupange upya, nisingebomoa kitu. Ningeacha garaji na bebifuti. Katikati ya mtaa, kwenye mita 20, ningeshusha tu kamba mbili kutoka juu ya maji, moja na jiwe, nyingine ya kuvuta, bila kibao cha maelezo. Mgeni angeuliza mwenyewe.

Wale wa Shabunda, Punia na Pangi mnaosoma hapa, nina ombi. Niandikieni alama za kamba za kwenu: mara moja ni nini, mara mbili ni nini, na mara tatu iko? Nataka kuzikusanya kabla ya kuanza ile karatasi.